Somo la Kumi na Nne: Kuchangia Gharama za Matibabu

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma stakabadhi: jina la aliyelipa, kiasi alicholipa, tarehe na sahihi. Leo tutaitumia elimu hiyo katika jambo linalomgusa kila mtu mwenye mwili, nalo ni fedha za matibabu. Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana tutapiga hesabu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya manne: mchango, bima, kikomo, msamaha. Tutayafikia yote.

Sote tunajua maana ya kuchanga. Tunachanga harusi inapokuwapo, na tunachanga msiba unapotokea. Tazameni desturi yetu ya msiba. Anayetoa ni yule ambaye nyumba yake i salama, na anayepokea ni yule aliyefikwa. Sijapata kuona mtu akimwendea mfiwa na kumwambia, "Wewe utoe zaidi yetu, kwa kuwa msiba ni wako." Lakini hospitalini neno hili limegeuka. Mtu akiambiwa dirishani kwamba hana budi kuchangia gharama, maana yake ni kwamba yeye mgonjwa ndiye atoe sehemu ya fedha, tena siku ile ile anayoumwa. Neno ni moja, lakini mambo ni mawili. Nataka leo tuyatenge mambo hayo mawili, ili siku utakapoelezwa habari za bima uweze kuuliza sawasawa: ni nani anayelipa, analipa lini, na mzigo umemwangukia nani?

Kwanza turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mtu aliyekwenda hospitali ya serikali hapa Tanzania hakuulizwa fedha. Watu walisema matibabu ni ya bure. Kwa kweli hayakuwa ya bure, maana wauguzi walilipwa mishahara na dawa zilinunuliwa. Fedha zilitoka katika kodi, na kodi ilitolewa na wote, wazima na wagonjwa pamoja. Katika miaka ya 1980 uchumi ulikuwa mgumu, na katika zahanati nyingi mgonjwa alionana na mganga vizuri lakini kabati la dawa lilikuwa tupu. Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa kuchangia katika hospitali zake, na baadaye utaratibu huo ukashuka hadi kwenye vituo vya afya na zahanati. Malipo ya namna hii watu wameyapa jina linaloeleweka upesi: papo kwa papo. Unaumwa leo, unalipa leo.

Ubaya wa papo kwa papo si kwamba kiasi ni kikubwa kila mara. Ubaya wake ni siku. Homa haingoji mavuno. Mkulima wa pamba hushika fedha nzuri mara moja kwa mwaka, naye mtoto hushikwa na homa mwezi wa Machi, wakati ghala lina vumbi tu na fedha ya mwisho imekwisha kwenye palizi. Basi mama hungoja kidogo. Hununua vidonge viwili vitatu dukani, humkanda mtoto kwa maji. Siku ya tatu mtoto anakakamaa, ndipo baba anapomtoa mbuzi na kumuuza kwa bei aitakayo mnunuzi, kwa sababu mnunuzi naye anajua kuwa mwenzake ana shida. Malaria ambayo siku ya kwanza ingetibiwa kwa vidonge, sasa inataka kulazwa na kutundikiwa dripu. Gharama haikupungua kwa kungoja, bali imezidi, na mtoto yumo hatarini.

Tena kuna jambo ambalo halisemwi sana. Katika nyumba nyingi fedha hukaa mikononi mwa mwanamume. Mama akiumwa yeye mwenyewe, na baba yuko safarini au hana moyo wa kutoa, dirisha la malipo humfungia mama kabla hajafika. Nimelitaja hili kwa sababu darasani mko wanaume na wanawake, na yafaa mlizungumze mkiwa pamoja.

Sasa tushike kalamu. Fikirini kijiji chenye kaya 100. Hesabu hizi ni za kujifunzia tu, msizichukue kuwa bei za mahali fulani. Tuseme kijiji kizima huenda zahanati mara 400 kwa mwaka. Kaya nyingine mara moja, nyingine mara kumi, lakini ukigawanya sawa ni mara 4 kwa kila kaya. Kila safari moja hugharimu shilingi 3,000. Basi 400 mara 3,000 ni shilingi 1,200,000. Tena tuseme katika mwaka huo kaya 10 zinapatwa na ugonjwa mkubwa wa kulazwa au kupasuliwa, na kila kaya hugharimiwa shilingi 120,000. Hizo nazo ni shilingi 1,200,000. Kijiji kizima kitatumia shilingi 2,400,000.

Kwa utaratibu wa papo kwa papo, kaya 90 zitalipa kitu kama shilingi 12,000 kila moja, na zile 10 zitalipa kitu kama shilingi 132,000 kila moja. Na mwezi wa Januari hakuna ajuaye kaya hizo 10 ni zipi. Pengine ni yako. Pengine ni ya jirani yako mwenye nguvu kuliko wote.

Bima huja kuondoa jambo hilo. Watu wote wanatoa kidogo kidogo kabla ya kuumwa, fedha inawekwa katika mfuko mmoja, na atakayeumwa atatibiwa kwa fedha ya mfuko. Tuongeze shilingi 200,000 za kadi, vitabu na karani, maana mfuko nao una gharama zake, nami nisingemwamini mtu anayeniambia kuwa mfuko wake hauna. Jumla sasa ni shilingi 2,600,000. Gawanya kwa kaya 100: kila kaya itoe shilingi 26,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo huitwa mchango wa bima. Utatolewa baada ya mavuno, wakati fedha ipo, na mwezi wa Machi mama hatamngoja mtu.

Mtu mmoja atasimama mkutanoni na kusema, "Mimi nimetoa 26,000, na mwaka mzima nilikwenda zahanati mara mbili tu. Nimepata hasara." Maneno haya husemwa kila mahali, wala si maneno ya mjinga, ni maneno ya mtu anayejua thamani ya fedha yake. Lakini mtu aliyenunua kufuli, na mwizi asije, hasemi kwamba kufuli ilikuwa hasara. Alilala usingizi. Mwenye bima vile vile amenunua usingizi, na fedha yake haikutupwa, bali imemtibu mwenzake, kama ambavyo mwakani ya mwenzake huenda ikamtibu yeye.

Mambo haya si ya kufikirika tu. Katikati ya miaka ya 1990 utaratibu wa namna hii ulianza kujaribiwa katika Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ukaitwa Mfuko wa Afya ya Jamii, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Watu walipochanga, mfuko uliongezewa fungu linalolingana na walichochanga, na hilo likapewa jina zuri la tele kwa tele. Mwaka 2018 mfuko huo ulipopangwa upya, kaya ya watu 6 katika mikoa mingi ilitakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa watumishi wa serikali uliundwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sheria ya mwaka 1999, nao ukaanza kazi mwaka 2001. Humo mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 alikatwa 18,000, na mwajiri akatia 18,000 nyingine. Mfuko ukapata 36,000. Kisha mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Viwango hubadilika, kwa hiyo kabla ya kutoa fedha uliza kiwango cha mwaka wako, wala usimfuate mtu anayekumbuka cha mwaka juzi.

Hapa mwalimu asimamishe redio kwa muda, na wanafunzi waandike hesabu ya kijiji katika madaftari yao. Itatumika tena sasa hivi.

Tumefika kwenye kiini cha somo. Tuseme kamati ya mfuko wa kijiji chetu imekutana, na mjumbe mmoja anasema, "Mchango wa 26,000 ni mkubwa. Tuupunguze. Badala yake kila aendaye zahanati atoe shilingi 1,000 dirishani." Safari ni 400, kwa hiyo dirishani zitapatikana shilingi 400,000. Mfuko sasa unahitaji 2,200,000 tu, na mchango wa kila kaya unashuka hadi 22,000. Watu wanapiga makofi.

Lakini tuzitazame kaya tatu. Ya kwanza ni ya vijana wawili waliooana juzi, wazima kama chuma, hawakwenda zahanati hata mara moja. Walikuwa walipe 26,000, sasa wanalipa 22,000. Ya pili ilikwenda mara 4: inalipa 22,000 na 4,000 dirishani, jumla 26,000, ni sawa na zamani. Ya tatu ina mtoto mwenye pumu na bibi mwenye shinikizo la damu, nayo ilikwenda mara 20. Inalipa 22,000 na 20,000 dirishani, jumla 42,000.

Mmeona? Fedha ya kijiji haikuongezeka wala haikupungua, imehama tu. Imetoka begani mwa aliye mzima ikatua begani mwa aliye mgonjwa. Hivyo ndivyo ilivyo kila mahali ambapo bima inamtaka mgonjwa achangie. Mchango wa mwaka ukiwa mdogo, usifurahi upesi. Geuza karatasi uone dirishani kunadaiwa nini.

Kwa haki yafaa tuseme pia kwa nini watu wenye akili wameweka malipo hayo. Husema kwamba kitu kisicholipiwa kabisa hutumiwa ovyo, kwamba mtu atakwenda kwa mganga kwa kila mwasho, na mgonjwa wa kweli atakaa foleni mpaka jioni. Husema tena kwamba zahanati yenye fedha kidogo mkononi inaweza kununua dawa wakati shehena kutoka bohari imechelewa. Sababu hii ya pili mimi naipa uzito zaidi kuliko ya kwanza. Mama anayetembea saa mbili na mtoto mgongoni hatembei kwa ajili ya mwasho.

Na ushahidi upo. Mwishoni mwa mwaka 1989 majirani zetu wa Kenya walianza kutoza malipo hospitalini. Katika kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi, waganga walihesabu waliokuja kabla ya malipo na waliokuja baada yake. Kati ya kila wanaume 10 waliokuwa wakija, wakabaki kama 6. Kati ya kila wanawake 10, wakabaki 3 au 4. Je, ugonjwa ulipungua mjini? Hapana, ni wagonjwa waliobaki nyumbani na ugonjwa wao, na ugonjwa wenyewe ni wa kuambukiza. Kule Marekani nako, kati ya mwaka 1974 na 1982, wataalamu walizigawa familia kwa bahati nasibu, nyingine zikatibiwa bila malipo, nyingine zikalipa sehemu. Waliolipa walikwenda kwa mganga mara chache zaidi, lakini waliacha matibabu ya lazima sawasawa na yasiyo ya lazima. Kwa watu wengi afya haikupishana sana. Bali kwa maskini wenye shinikizo la damu tofauti ilionekana: waliotibiwa bila malipo walidhibitiwa vizuri zaidi. Mgonjwa si mganga. Hawezi kujua mwenyewe kichwa hiki ni cha jua na kile ni cha damu.

Sasa tuzijue sura za malipo haya, maana hayaji kwa sura moja, na karani hatakueleza yote kama hukuuliza.

Sura ya kwanza ni kiasi kilichotajwa, kama ile shilingi 1,000 ya kijiji chetu. Uzuri wake ni kwamba unakijua kabla ya kutoka nyumbani. Sura ya pili ni asilimia. Hapo uwe macho, kwa sababu asilimia ni ndogo kwa ugonjwa mdogo na kubwa kwa ugonjwa mkubwa. Mfano wake tunaupata Rwanda, ambako watu wengi sana wa vijijini wameingia katika bima ya jamii. Kwa miaka mingi mwanachama alitoa faranga 200 kila alipokwenda kituo cha afya, na hospitalini akatoa asilimia 10 ya gharama. Gharama ikiwa faranga 20,000, asilimia 10 ni 2,000. Ikiwa 600,000, asilimia 10 ni 60,000, na hiyo kwa mkulima ni fedha ya kuuza shamba. Bado ni bora kuliko kulipa zote 600,000, lakini usiseme "asilimia kumi tu" kabla hujauliza, asilimia kumi ya nini.

Sura ya tatu hatuioni sana hapa kwetu, ila ndugu waliohamia Marekani wanaijua vizuri. Mwanzo wa kila mwaka mgonjwa hujilipia mwenyewe mpaka atimize kiasi fulani, ndipo bima inapoanza kulipa. Mtu ana kadi mfukoni, ametoa mchango kila mwezi, na bado mwezi wa Januari anapewa hati ya madai yote. Mgeni hudhani ameibiwa. Hakuibiwa, ni sharti la bima aliyoingia, na sharti hilo liliandikwa, ila kwa herufi ndogo.

Sasa tazameni ubaoni neno kikomo. Neno hili limewaingiza watu wengi matatani, kwa kuwa viko vikomo viwili, na kimoja ni rafiki yako na kingine si rafiki yako.

Kikomo cha kwanza ni cha kumlinda mgonjwa. Kinasema: ukishatoa kiasi hiki kwa mwaka, basi, hutatoa tena, kinachobaki ni cha mfuko. Wajerumani, ambao bima yao ya ugonjwa ya lazima ilianza mwaka 1883, nao huwatoza wagonjwa sehemu. Lakini kwa sheria iliyoanza mwaka 2004 waliweka mpaka: mgonjwa aliyelazwa alilipa euro 10 kwa siku, wala si zaidi ya siku 28 kwa mwaka, na malipo yake yote kwa mwaka hayakuzidi asilimia 2 ya mapato ya nyumba yake. Kwa mwenye ugonjwa wa kudumu ilikuwa asilimia 1. Tazameni hekima yake: mpaka umefungwa kwenye mapato, kwa hiyo wa maskini uko karibu na wa tajiri uko mbali.

Kikomo cha pili ni cha kumlinda mwenye bima, hasa kampuni. Kinasema: sisi tutalipa mpaka kiasi hiki kwa mwaka, kikiisha, kinachozidi ni chako. Bima nyingi za makampuni huku Afrika ya Mashariki zina kikomo cha namna hii. Mtu amelazwa wiki ya tatu, na karani anakuja kitandani kumwambia kuwa fedha zimekwisha. Kwa hiyo ukisikia neno kikomo, usiitike kwa kichwa. Uliza: "Ni kikomo cha nitakacholipa mimi, au ni kikomo cha mtakacholipa ninyi?" Tafadhali mwalimu awarudishe wanafunzi katika swali hili mara mbili tatu, waliseme kwa sauti.

Kadi yenyewe nayo ina mambo yake. Ina majina, nayo si ya kila anayelala nyumbani mwako. Mpwa aliyekuja kukaa nawe baada ya kadi kutolewa huenda hayumo, nawe utayajua hayo usiku wa manane kama hukusoma mapema. Ina tarehe ya mwisho. Kwa mfuko wa jamii, matibabu huanzia zahanati au kituo cha afya, na ukitaka kwenda hospitali kubwa shika cheti cha rufaa kutoka huko. Ukienda moja kwa moja huenda ukatakiwa ulipe papo kwa papo ingawa mchango umetoa. Wengi hukasirika hapa na kumtukana karani, ambaye hakuliweka yeye sharti hilo.

Kero kubwa kuliko zote ni dawa. Mwanachama anafika zahanati, anapimwa bila kulipa, kisha anaandikiwa karatasi akanunue dukani kwa sababu dawa hakuna. Basi amechangia mara mbili: mara moja mfukoni na mara ya pili dukani. Ni jambo hili, naamini, kuliko umaskini wenyewe, lililowafanya watu wengi waache kulipia kadi zao mwaka wa pili. Wala siwalaumu. Hapa ndipo kujua kusoma kunapokuwa silaha. Uliza kama dawa hiyo imo katika orodha ya mfuko. Kama haimo, ni juu yako kuinunua. Kama imo na haipo kabatini, andika jina la dawa na tarehe, tunza stakabadhi ya duka, na upeleke habari kwenye kamati ya zahanati. Malalamiko ya mdomo huyeyuka kikao kikiisha. Karatasi kumi zenye tarehe kumi haziyeyuki.

Neno letu la mwisho ubaoni ni msamaha. Tangu kuchangia kulipoanza ilijulikana kwamba wako watu wasioweza, na wako wagonjwa ambao haifai kuwatoza. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwataja miongoni mwao wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kwa mzee au maskini kwa kawaida hutakiwa barua kutoka serikali ya kijiji au mtaa. Barua hiyo itafutwe mkiwa wazima. Mzee asisubiri mpaka ashindwe kusimama ndipo mjukuu aanze kumtafuta mtendaji, ambaye siku hiyo huenda yuko semina wilayani.

Msamaha nao una kasoro zake, nisiwafiche. Mjamzito husamehewa malipo ya kujifungua, kisha huambiwa aje na mipira ya mikono, pamba, uzi na wembe. Vitu hivyo vina bei, na bei hiyo haimo katika hesabu ya mtu yeyote ila ya mume na mke wake. Ninyi mnaongojea mtoto, ulizeni siku ya kliniki ni vitu gani vitatakiwa, mvinunue kimoja kimoja.

Sasa kazi ya darasa. Fanyeni hesabu hii: mgonjwa amelazwa na gharama ni shilingi 250,000. Bima inalipa asilimia 80, mgonjwa analipa asilimia 20. Mgonjwa ana kikomo cha kumlinda cha shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwaka huu ameshatoa 12,000. Je, kama kikomo kisingekuwapo angelipa kiasi gani? Na kwa kuwa kikomo kipo, atalipa kiasi gani siku ya kutoka wodini? Kisha rudini kwenye kijiji chetu, mjadili kama mngekuwa ninyi ndio kamati: mngeiweka ile shilingi 1,000 ya dirishani au mngeiacha? Wenye vijana wazima na wenye wagonjwa nyumbani wapeane nafasi ya kusema. Mwenye kadi nyumbani aje nayo darasani, tusome pamoja majina na tarehe.

Majibu ya hesabu yatatolewa mwanzo wa somo lijalo. Katika somo hilo tutajifunza kuandika barua kwa kamati ya zahanati. Kwaherini.